Bi Ndoo Apewa Kikombe

Wazima aliwafulia kwa pesa, wafu aliwaosha bure. Hiyo ndiyo biashara ya Bi Ndoo kwa kifupi, na kama unaona haina faida, hujakosea. Mumewe alimwambia hivyohivyo kila mwisho wa mwezi mpaka naye akatangulia.

Kibanda chake cha udobi kilikuwa kwenye kona, mkabala na kinyozi. Ndani mlikuwa na meza ya kupigia pasi iliyotandikwa blanketi lenye madoa ya kuungua, kamba za kuanikia zilizopita juu ya vichwa vya wateja, na joto la kumfanya mtu aage kabla hajasalimia. Nyuma ya mlango ilitundikwa ndoo nyeupe yenye mfuniko, na ndani ya ndoo hiyo haikuwahi kuingia hata soksi. Ilikuwa ya ile kazi nyingine. Mtu akifiwa na mama, shangazi au mke, hata kabla hajawapigia simu ndugu walio mbali, alituma ujumbe kibandani: Bi Ndoo anaitwa. Yeye huzima pasi, hutungua ndoo, hufunga mlango na kwenda.

Alianza zamani, akiwa bado mke kijana. Jirani yake alikufa ghafla, wanawake wakajaa uani, wakalia kwa sauti zote walizojaliwa, wakaangushana na kuinuana, lakini mlango wa chumba cha marehemu hakuna aliyeuvuka. Maji yalichemshwa yakapoa, yakachemshwa tena yakapoa tena. Bi Ndoo, ambaye hakuwa mtu wa kuvumilia kuni kuteketea bure, akakunja mikono ya gauni akaingia. Alipotoka, wote walimbariki. Tangu siku hiyo mlango ule ukawa wake, na baraka zikabaki kuwa mshahara.

Mtaa ulimheshimu sana, lakini kwa heshima ya kumsalimia kutoka ng'ambo ya barabara. Akinyoosha mkono, mwenzake hukumbuka ghafla kwamba ana mzigo. Asiye na mzigo hukohoa kiganjani na kuomba radhi kwa mafua. Harusini alikaribishwa kwa maneno matamu na kuketishwa nyuma kabisa, kando ya jenereta. Mashuka na mapazia walimletea, lakini nguo za maharusi na za watoto wachanga walizipeleka kwa dobi wa mtaa wa pili, mtu aliyejulikana kwa kuunguza kola. Bora kola iliyoungua, walisema, kuliko mikono ile.

Wala Bi Ndoo hakuwa malaika. Alikuwa na ulimi mkali kama sabuni ya mche. Foleni bombani ikirefuka na watu wakaanza kusukumana, yeye alisimama pembeni na kusema, "Haraka ya nini jamani? Nyote mtapita kwangu." Hapo njia ilifunguka yenyewe, akachota maji, akaenda zake. Kitu kimoja tu hakikuwahi kumtoka mdomoni: aliyoyaona nyuma ya mlango ule. Nywele za bandia, meno ya kuazima, makovu yasiyo na maelezo, vyote alivifunika na kuvisahau. Bahati mbaya watu humwogopa anayejua akanyamaza kuliko asiyejua akapiga domo.

Yote hayo aliyazoea. Kilichomshinda ni mjukuu.

Mwanawe wa pekee, fundi friji, kijana mpole kupita kiasi, yaani mwoga, alikuwa ameoa binti wa Mwenyekiti. Huyu Mwenyekiti alikuwa mama mmoja, mwalimu mkuu aliyestaafu kazi lakini hakustaafu kuamrisha. Aliongoza kamati ya maji, kamati ya usafi, kamati ya shule na kikundi cha kina mama, na kama kungekuwa na kamati ya mvua, mawingu yangepanga mstari. Binti yake alipojifungua mtoto wa kiume, alikwenda kukaa kwa mama yake mpaka apate nguvu. Bi Ndoo akavaa gauni lake zuri, akabeba taulo jipya na sabuni ya mtoto, akaenda kumwona mjukuu wake wa kwanza.

"Karibu mkwe, karibu sana," alisema Mwenyekiti. "Kaa hapohapo mlangoni, pana upepo."

"Nimekuja kumwogesha mume wangu," alisema Bi Ndoo kwa furaha, kwa kuwa bibi na mjukuu wa kiume wana utani wao.

"Ameshaoga."

"Basi nimpakate."

"Amelala."

Mtoto alikuwa akilia mpaka majirani wanasikia. Bi Ndoo alimtazama mwanawe, na mwanawe akaitazama dari kama aliyeona friji huko juu.

"Mkwe, usinielewe vibaya," Mwenyekiti akalainisha sauti, ile sauti ya kuwaambia wazazi kwamba mtoto wao atarudia darasa. "Mikono yako imeshika mengi. Mtoto bado mchanga. Tusubiri akomae kidogo."

"Akomae mpaka lini?"

"Tutaangalia."

Bi Ndoo alirudi mara nyingi, na kila mara Mwenyekiti alikuwa bado anaangalia. Siku moja walimhurumia, wakainua chandarua na kumwonyesha mguu mmoja, kama mteja anavyoonyeshwa kipande cha kitambaa kabla ya kununua. Ulikuwa mguu mzuri. Alirudi kibandani akaendelea kupiga pasi, na siku hiyo kwa mara ya kwanza maishani akaunguza shati la mtu, kwa sababu machozi yalikuwa yamemjaa na hakuona pasi ilipo. Iliuma. Asikudanganye mtu kwamba aliyezoea maiti haumwi na kitu.

Ndipo ikaja habari ya tuzo. Mwenyekiti alikuwa ameunda kamati mpya ya kuwaenzi wanaojitolea mtaani, na mabango yakabandikwa mpaka kwenye mlango wa choo cha soko: Mtaa Unakuthamini. Kinyozi aliliona bango, akavuka barabara na taulo begani, akamwacha mteja kanyolewa nusu.

"Bi Ndoo, tuzo hii ikikukosa wewe, basi mtaa huu hauna haya. Nenda ukajiandikishe."

"Mimi nitafute sifa uzeeni?"

"Si sifa. Fikiri. Nani ni mwenyekiti wa kamati? Mkwe wako. Nani atakukabidhi kikombe mbele ya watu wote? Mkwe wako. Akishakushika mkono hadharani, nyumbani atakuambia nini?"

Bi Ndoo aliweka pasi chini. Kinyozi kwa kawaida alikuwa na akili ya kutosha kichwa kimoja kwa wakati mmoja, lakini hapo alikuwa amesema. Kikombe chenyewe kingeweza kutiwa maua au kulishiwa kuku, hakikumhusu. Alichotaka ni ule mkono. Mkono wa Mwenyekiti ukiushika wake mbele ya mtaa mzima, mlango wa mjukuu ungefungwa kwa kisingizio gani tena? Kesho yake akaenda.

Kamati ilikaa katika darasa tupu la shule ya msingi, watu wazima wamejikunja kwenye madawati ya watoto. Mwenyekiti hakuwapo siku hiyo. Katibu alimpokea vizuri, akamwelekeza dawati la mwisho, akamsomea kanuni. Anayetaka tuzo alete watu watatu aliowahudumia, waje wenyewe, waseme kwa vinywa vyao. Alete pia picha mbili: kabla ya huduma na baada ya huduma. Kanuni hizo zilitungwa kwa hasira, baada ya bwana mmoja kudai amepanda msitu na ikaja kugundulika kwamba ana mche mmoja tu, anaupanda, anapigwa picha, anaung'oa na kuhamia uwanja mwingine.

"Wahudumiwa wako wako wapi?" aliuliza Katibu.

"Wamezikwa."

Katibu aliandika, kisha kalamu ikagoma. "Wote?"

"Sasa baba, ulitaka niwaoshe halafu warudi kupika?"

"Kanuni inasema waje wenyewe."

"Wakija wenyewe, nani atabaki humu ndani kuwasikiliza?"

Wajumbe walitazamana. Mmoja alisogeza dawati lake karibu na dirisha. Katibu, mtu wa utaratibu, akaruka kwenda kipengele cha pili. "Na picha?"

"Picha ya nini?"

"Kabla na baada. Ili kamati ione mabadiliko."

"Mwanangu, kabla amekufa, na baada amekufa. Mabadiliko yake ni usafi tu."

Jambo likajadiliwa kwa kirefu. Hakuna hata mjumbe mmoja aliyesema kanuni ni ya kijinga, kwa sababu wote waliipigia kura. Mwishowe wakaonyesha huruma: kwa kuwa wahusika wana udhuru, ndugu zao wanaweza kuja kuwasemea.

Basi Bi Ndoo akazunguka kwa wafiwa wake wa zamani, na hapo ndipo utamu wa dunia ulipomfika kooni. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi alimshukuru mpaka akatokwa na machozi, ila kusimama hadharani, hapana. Watu wangekumbuka kwamba mama yake alikufa wakati yeye yuko mpirani na simu kaizima. Mke wa fundi bomba alikuwa tayari kabisa, mpaka alipowaza kwamba dada yake marehemu alikuwa na jina la mwanamume limechorwa mgongoni, na si jina la mumewe. "Bi Ndoo, wewe uliona?" alinong'ona. "Sikuona kitu," alijibu Bi Ndoo. Jibu hilo likamtisha zaidi, akasema siku ya ushuhuda atakuwa na homa. Mwingine alidai kumbukumbu imempotea. Shukrani ya punda ni mateke, lakini angalau punda hukupiga kwa miguu yake mwenyewe, hasingizii homa.

Kwa hiyo jina lake likakatwa. Lingebaki limekatwa kama mgeni rasmi asingetaka kujua mapema nani watapewa. Alikuwa mfanyabiashara aliyegharimia vikombe na maturubai, na aliposikia majina akauliza mbona wote ni mabwana wenye vitambi. Alitaka awepo na mama mmoja wa hali ya chini, wa chini kabisa, anatoka vizuri kwenye picha. Kamati ikakuna vichwa. Mwenyekiti ndiye aliyesema, "Tumpe mkwe wangu. Akishapewa chake atatulia, na mimi nitapumua mlangoni kwangu." Wakabuni tuzo papo hapo, Tuzo ya Huduma Maalumu, na kanuni zote zikapewa likizo.

Siku ya siku, Bi Ndoo aliamka akaosha mikono. Akaisugua kwa brashi ya nguo, akaipaka mafuta, akainusa, akaiosha tena. Baadaye alijionea haya kwa kufanya hivyo kuliko kwa jambo lolote alilofanyiwa na wengine.

Ukumbi ulifurika. Mwanawe na mkamwana wake walikaa safu ya mbele, mtoto kafunikwa shali jeupe. Mshereheshaji akawaita washindi mmoja mmoja. Bwana mmoja mwenye viti vya kukodisha alipewa kikombe kwa kuwapa wafiwa viti, ingawa kila mfiwa ukumbini alijua kodi yake. Bwana wa mche alipewa cha mazingira, maana safari hii alileta picha nyingi zaidi. Kijana mmoja alituzwa kwa kutoa damu. Aliitoa mara moja, akazimia, na ikabidi aongezewe nyingi kuliko aliyotoa. Kisha ikatangazwa Tuzo ya Kamati Bora, na kwa kura zote za kamati ikaenda kwa kamati. Kila mshindi alikumbatiwa na Mwenyekiti, akapigwapigwa mgongoni, akashikwa mkono na mgeni rasmi mpaka mpiga picha aridhike.

Bi Ndoo aliitwa wa mwisho. "Mama huyu," alisema mshereheshaji, na jasho likamtoka, "anawahudumia wenzetu ambao... kwa sasa... hawapo nasi." Makofi yalikuwa mengi, ya watu wanaofurahi kuwa mbali. Alipanda jukwaani mkono wake wa kulia umeshatangulia.

Mwenyekiti alikuwa amejiandaa. Kikombe cha Bi Ndoo kilikuja juu ya sinia. Alilishika sinia kwa ncha za vidole, pembeni kabisa, akalisukuma mbele na kurudi nyuma, kama anayemlisha mbwa asiyemjua. Mgeni rasmi aliificha mikono mgongoni na kutabasamu kwa ajili ya picha. Mkono wa Bi Ndoo ulibaki hewani, mtaa mzima ukiutazama, halafu ukashuka ukachukua kikombe, kwa kuwa hapakuwa na kingine cha kuchukua.

Alishuka moja kwa moja mpaka safu ya mbele. Akakiweka kikombe sakafuni, akamnyooshea mkamwana mikono miwili. Binti wa watu alimtazama, akatazama jukwaani, akaanza kuliinua lile shali. Akawa amelifikisha nusu.

"Mkwe! Mkwe!" sauti ya Mwenyekiti ilipaa kwenye spika zote. "Tusiharibu ratiba. Na mtoto bado mchanga!"

Watu wakacheka. Si wote, lakini waliotosha. Shali likarudi chini, na fundi friji akaitazama dari ya ukumbi.

Bi Ndoo aliokota kikombe chake, akapanda tena jukwaani, akachukua kipaza sauti mkononi mwa mshereheshaji, ambaye alikiachia haraka kuliko ilivyohitajika.

"Mimi sijazoea kuhutubia," alisema. "Ninaozungumza nao huwa hawanijibu."

Watu wakacheka tena, safari hii kwa woga.

"Nashukuru kwa kikombe. Ninavyojua mimi, mtu akipewa kikombe, akapigiwa makofi na kusifiwa namna hii, anaagwa. Basi nimeelewa. Nimestaafu. Ndoo kesho nitaipeleka kwa kamati, maana kamati ndiyo bora, nimesikia leo hapahapa."

Akashuka, akatoka nje na kikombe kwapani. Ukumbini hakuna aliyepiga makofi. Mmoja mmoja, polepole, watu waligeuka wakaanza kuwatazama mama zao.

Bi Ndoo alikuwa mtu wa neno lake. Asubuhi aliibeba ile ndoo nyeupe, akaiweka katikati ya baraza ya Mwenyekiti, akaondoka bila kugonga mlango. Kamati ikakutana kwa dharura. Katibu alipendekeza semina. Mwingine alipendekeza kiundwe kikosi cha kujitolea cha huduma za mwisho, kila mtu akaunga mkono kwa nguvu, kisha wakaulizwa nani yuko tayari, na ghafla kila mtu akawa anatafuta kitu chini ya dawati. Bwana wa mche alikubali kupigwa picha akiwa ameshika ndoo, mradi iwe mpya.

Wajumbe wakaanza kumiminika kibandani. Walimwahidi kikombe kikubwa zaidi, cheti chenye fremu, jina lake kwenye ubao wa shule. Yeye alipiga pasi tu. "Sijagoma, nimestaafu," alisema. "Mnasikitika nini? Mnayo ndoo."

"Umewashika pabaya," alisema kinyozi, akisugua mikono. "Mwosha huoshwa, lakini hawa hata kumsalimia mwosha hawajui."

Bi Ndoo alikunja shati lililokwisha. Kinyozi hakujua kwamba mwenzake alikuwa akiomba kutwa kucha mtaa usife mtu. Alijijua. Angeitwa na mfiwa yeyote, hata yule wa homa ya uongo, angekwenda mbio, hata kwa kopo la rangi badala ya ndoo, na kustaafu kwake kungeishia hapohapo. Kila simu ilipolia moyo ulimpasuka. Mama mmoja mgonjwa wa pumu alipopita mbele ya kibanda akikohoa, Bi Ndoo alimfuata na chai ya moto, akamsihi ajifunike kifua.

Kumbe ilikuwa ndoo yenyewe inayofanya kazi. Ilipokaa barazani kwa Mwenyekiti, watu walianza kuipita nyumba ile kwa upande wa pili wa njia. Muuza maziwa aliacha chupa getini na kupiga mluzi. Kikundi cha kina mama kikahamisha mkutano, wakasema barazani pale siku hizi pana jua kali. Mwenyekiti alimnyooshea mkono mjumbe mwenzake, na mjumbe akakohoa kiganjani akaomba radhi kwa mafua. Kuitupa ndoo hakuthubutu, kuigusa hakuthubutu. Alikaa nayo mwanamke yule aliyezoea kuamrisha mawingu, wakatazamana. Kisha siku moja aliikamata kwa mpini na kuibeba mwenyewe mpaka kwenye kona, watu wakimpisha njia nzima.

"Mkwe, chukua ndoo yako."

"Si yangu. Ya kamati."

"Mkwe, watu wananisalimia kwa mbali!"

"Utazoea," alisema Bi Ndoo na kugeuza kola ya shati. "Mimi nilizoea."

Mwenyekiti aliketi kwenye benchi la wateja bila kukaribishwa. Bila kamati nyuma yake alionekana mfupi. Alitazama mvuke unavyotoka kwenye nguo, na aliposema tena, ile sauti ya mwalimu mkuu haikuwapo.

"Na mimi je? Nikifa?"

Bi Ndoo alizima pasi. "Wewe ni mkwe wangu. Kwa ajili yako nitaacha kustaafu. Nitakuosha."

"Ahsante, mkwe."

"Nitakuosha vilevile ulivyonipa kikombe. Juu ya sinia, kwa ncha za vidole, nimegeuza uso pembeni."

Neno hilo lilimwingia. Mwenyekiti hakuwahi kuachia neno lolote lipite bila jibu. Safari hii akaanza kulia, si kwa adabu, kwa kwikwi na makamasi, na Bi Ndoo akampa foronya ya mteja ajifutie. Alimwacha alie mpaka aishe. Hakumbembeleza. Alikuwa na hasira bado, na alikuwa na haki nayo.

Mwenyekiti aliinuka akaondoka bila kuaga. Jioni ileile alirudi. Mbele alikuwa mkamwana na mtoto, katikati fundi friji na beseni kichwani, safari hii akitazama mbele kama mtu mzima. Nyuma kabisa alikuja Katibu na kamera, kwa ajili ya picha ya baada, lakini kinyozi alimdaka mlangoni akamwambia kichwa chake hakifai kuonekana na watu kabla hajanyolewa, akamvuta ng'ambo.

"Hajaoga leo," alisema Mwenyekiti. Akamchukua mtoto kwa binti yake, akamtoa kwenye shali, akamweka mwenyewe mikononi mwa Bi Ndoo. Ili kumweka vizuri ilibidi mikono yao igusane, na hakuirudisha haraka.

Walimwaga maji kwenye beseni juu ya meza ya pasi. Bi Ndoo, aliyeosha nusu ya mtaa bila kusita, hakujua aanzie wapi. Mikono yake ilijua watu waliotulia, wazito, wanaokaa unavyowaweka. Huyu alikuwa mwepesi kama fulana, anateleza, anarusha mateke, kila upande anataka kwenda. Akamkinga shingo kwa kiganja, akachota maji, akammiminia kifuani.

Mtoto akapiga ukelele. Alilia kwa hasira ya kweli, ngumi zimekunjwa, uso umeiva, miguu ikayarusha maji mpaka kwenye mashati ya wateja.

"Ya baridi hayo, mkwe!" alisema Mwenyekiti. "Anakataa!"

Bi Ndoo alisimama na kopo mkononi. Katika umri wake wote wa kuosha, hakuna aliyewahi kumwambia maji ni ya baridi. Alianza kucheka, kicheko kikageuka kikawa kitu kingine, na hakuona haya ya machozi mbele ya mtu yeyote.

"Anakataa!" alisema. "Mmesikia? Ananikatalia! Haya, niongezeeni ya moto upesi. Na wewe bwana wangu, piga kelele. Piga kelele, baba, nakusikia."